Alama iko wapi? Mwongozo wa kusoma madai ya hataza kuhusu mipaka ya segmenti ndani ya pakiti

Barua za aina hii huanza kwa adabu nyingi. Kampuni ya ng'ambo inaiandikia timu ya vijana wa programu pale Ntinda, Kampala, inaisifu kazi yao, kisha inaambatanisha hataza (patent, yaani haki ya uvumbuzi) nene na kusema kwamba huenda bidhaa yao inagusa haki zake. Vijana wanasoma ikisiri. Wanaona "pakiti", "segmenti" na "mpaka", wanaitazama programu yao ambayo nayo ina pakiti (vifurushi vidogo vya data vinavyopita mtandaoni), segmenti na mipaka, na moyo unawashuka. Wengine hufanya kinyume: wanasoma jina la uvumbuzi tu, wanacheka kwamba jambo hilo lilijulikana zamani, na barua inaishia kwenye droo. Wote hao hawajagusa sehemu yenye kubeba haki, yaani madai.

Naandika kwa ajili ya mtu anayeijua pakiti lakini haijui hataza, na kwa mwanasheria anayeijua hataza lakini hajawahi kufungua Wireshark, programu ya kunasa na kutazama pakiti. Madai kuhusu mipaka ya segmenti ni magumu kwa sababu maneno yake ni mafupi na ya kawaida mno: "katika", "kati ya", "kila", "kwa kutumia". Kamusi haitakutoa. Unayasoma ukiwa na biti zenyewe mbele yako, na kila unapofika kwenye neno unauliza alama yenyewe iko wapi, inaonyesha nini, na nani anaisoma.

Kabla ya kusoma: hataza iko hai, na iko hai wapi?

Hataza ni haki ya nchi moja moja. Hataza ya Marekani haina nguvu Uganda. Ili iwe na nguvu hapa, lazima iwe imetolewa na URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, ambayo ofisi zake ziko Kololo, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014, au iwe imetolewa na ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare huku Uganda ikiwa imetajwa miongoni mwa nchi. Kwa utaratibu wa ARIPO, unaotokana na Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, mwombaji huchagua nchi anazozitaka na kila nchi hupewa miezi 6 ya kukataa. Nchi ikinyamaza, hataza inafanya kazi humo.

Usifurahi haraka, lakini. Programu inayopakuliwa na wasikilizaji walioko Boston au London inaweza kukuingiza kwenye sheria za huko hata kama ofisi yako iko juu ya duka la simu mtaa wa Kampala Road. Kwa hiyo andika mapema orodha ya nchi ambako seva zako ziko na ambako wateja wako wanalipa.

Kisha angalia umri. Muda wa hataza ni miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha maombi, na mawazo mengi ya kutia alama kwenye pakiti yaliombewa hataza katika miaka ya 1990. Hayo yamekwisha. Zingine hufa mapema kwa sababu mwenyewe hakulipa ada. Marekani ada hizo hudaiwa mwaka wa 3 na nusu, wa 7 na nusu na wa 11 na nusu baada ya hataza kutolewa. Hifadhi za hataza mtandaoni kama Google Patents, Espacenet na PATENTSCOPE ya WIPO hazitozi kitu, na huko utapata tarehe. Jambo moja tu la kukumbuka: nchini Marekani hataza iliyokwisha muda bado inaweza kudaiwa fidia kwa matumizi ya miaka 6 iliyopita, mradi matumizi hayo yalifanyika ilipokuwa hai.

Hatua ya 1: Nenda moja kwa moja kwenye madai

Katika hataza za Marekani madai hukaa mwishoni, baada ya maelezo marefu. Ruka huko kwanza. Maelezo ni kama muuzaji anayekutembeza kwenye shamba akikuonyesha migomba, kisima na mandhari ya ziwa. Madai ni mawe ya mpaka aliyoyafukia mpimaji. Ukigombana na jirani, hakuna atakayeuliza migomba ilikuwa mizuri kiasi gani.

Tenganisha dai huru na dai tegemezi. Dai huru linajitosheleza. Dai tegemezi huanza kwa maneno kama "mbinu ya dai la 1, ambapo...", na hubeba kila kitu kilichomo katika dai linalolitegemea, kisha huongeza sharti. Ukionyesha kwamba bidhaa yako haimo katika dai huru, haimo pia katika madai yote yanayolitegemea. Hesabu madai huru kwanza. Mara nyingi hayazidi machache, na kazi inapungua ghafla.

Nitatumia dai la mfano nililolitunga kwa ajili ya mwongozo huu:

Dai la 1. Mbinu ya kusafirisha data katika mtandao wa pakiti, inayojumuisha:
(a) kupokea mkondo wa data wenye segmenti nyingi;
(b) kuugawa mkondo huo katika pakiti, kila pakiti ikiwa na kichwa na mzigo;
(c) kuweka, katika kichwa cha angalau pakiti moja, kiashirio kinachoonyesha mpaka kati ya segmenti ya kwanza na segmenti ya pili, na
(d) kupeleka pakiti hizo kwa kipokezi, ambacho hutenganisha segmenti hizo kwa kutumia kiashirio hicho bila kusoma mzigo.

Dai la 2. Mbinu ya dai la 1, ambapo kiashirio ni biti moja.

Dai la 3. Mbinu ya dai la 1, ambapo kiashirio kimo katika pakiti ya mwisho ya segmenti ya kwanza.

Kichwa ni sehemu ya mbele ya pakiti yenye maelezo ya usafirishaji, na mzigo ni data inayobebwa. Na bidhaa ya kulinganisha iwe programu ya redio ya intaneti. Inarusha habari, matangazo ya biashara na utangazaji wa mpira, na msikilizaji anaweza kubofya ili aruke kutoka kipande kimoja hadi kingine.

Hatua ya 2: Likate dai vipande

Andika kila sharti kwenye mstari wake. Usikubali mgawanyo wa (a) hadi (d) kama ulivyo, kwa kuwa herufi moja huficha masharti kadhaa. Kipengele (c) peke yake kina manne: kuna kitendo cha kuweka, kinachowekwa kimo katika kichwa, kinaonyesha mpaka, na mpaka huo uko kati ya segmenti mbili. Kipengele (d) nacho kina kupeleka, kutenganisha, kutumia kiashirio hicho, na kutosoma mzigo. Mwenye hataza lazima akukute katika yote. Likikosekana sharti moja, na hakuna kilinganifu chake ndani ya bidhaa yako, dai halikushiki.

Tazama neno la kuunganisha. Hataza utakazoletewa zitakuwa za Kiingereza, na mwishoni mwa utangulizi wa dai utakuta ama "comprising" ama "consisting of". La kwanza linaacha mlango wazi: ukifanya hatua zote nne na kuongeza ya tano, bado umo. La pili linafunga mlango, na nyongeza yako inaweza kukutoa nje. Karibu madai yote ya programu hutumia la kwanza. Kwa hiyo hoja ya "sisi tumeongeza usimbaji fiche" haina kitu. Nimeisikia mara nyingi, na hutolewa kwa kujiamini kabisa.

Halafu kuna neno "hicho". Kiashirio kinachotumiwa na kipokezi katika (d) ni kile kile kilichowekwa katika (c). Utaona hapa chini jinsi herufi hizo chache zinavyoweza kuokoa kampuni nzima.

Hatua ya 3: Tafuta maana ya kila neno gumu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa utatumia saa zako nyingi.

Mahakama za Marekani zilipata mwelekeo mkubwa mwaka 1996, katika kesi ya Markman dhidi ya Westview Instruments, ambapo Mahakama ya Juu ilisema kufasiri madai ni kazi ya jaji, si ya baraza la wazee wa mahakama (jury). Kesi ile ilihusu mfumo wa kufuatilia nguo kwa dobi, na ugomvi ulikuwa kama orodha ya mali iliyotajwa katika dai lazima ihusu nguo zenyewe au inaweza kuhusu ankara na fedha tu. Nguo zilishinda, na mwenye hataza akashindwa. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya huko, katika kesi ya Phillips dhidi ya AWH, iliweka mpangilio unaofuatwa hadi leo: neno hupewa maana ambayo fundi wa kawaida wa fani hiyo angelipa wakati wa uvumbuzi. Unasoma kwanza madai yenyewe, kisha maelezo na michoro, kisha jalada la mawasiliano kati ya mwombaji na mkaguzi wa ofisi ya hataza. Kamusi na wataalamu hufuata baadaye.

Sisi tumerithi sheria ya Kiingereza, na hukumu za Uingereza husikilizwa na majaji wetu ingawa haziwabani. Huko kesi ya kukumbuka ni Catnic ya mwaka 1982, kuhusu linta ya chuma ya juu ya mlango. Dai lilisema bamba la nyuma limesimama wima. Mshindani akaliinamisha nyuzi 6 hadi 8, na bado akashindwa, kwa kuwa fundi angeelewa kwamba wima ya vitabu vya hesabu haikuwa sharti la kazi ile. Soma kama fundi, basi, siyo kama mwalimu wa sarufi.

Sasa tuyachukue maneno ya dai letu moja moja.

"Pakiti". Ipi? Mitandao hupakia pakiti ndani ya pakiti. Televisheni ya dijitali, ambayo Uganda iliihamia mwaka 2015, hutumia pakiti za baiti 188, kila moja ikianza na baiti 0x47. Pakiti hizo zikisafirishwa kwa IP (itifaki ya msingi ya intaneti), desturi ni kuweka 7 ndani ya datagramu, yaani pakiti, moja ya UDP (itifaki inayopanda juu ya IP), jumla baiti 1316. Mtu akisema "kichwa cha pakiti" katika mazingira hayo, ana vichwa vingi vya kuchagua. Kichwa cha pakiti ndogo, kwa macho ya UDP, ni sehemu ya mzigo. RTP, itifaki ya kupeleka sauti na video, iko vivyo hivyo: kichwa chake chote kimo ndani ya mzigo wa UDP. Kwa hiyo "bila kusoma mzigo" huwa kweli au uongo kutegemea tabaka ulilosimama. Chukua michoro ya hataza, tafuta mchoro unaoonyesha pakiti, uone mvumbuzi alikuwa kwenye tabaka gani. Ukishalipata, lishike, usimruhusu mpinzani aseme tabaka la UDP katika (b) na tabaka la RTP katika (c). Pakiti ni ile ile kutoka mwanzo wa dai hadi mwisho.

"Segmenti". Kwa mtu wa TCP, itifaki ya intaneti ya kusafirisha data kwa uhakika, segmenti ni kipande ambacho itifaki yenyewe inakikata. Kwa mtu wa video ya intaneti ni faili la sekunde chache. Kwa mtu wa redio ni habari, kisha tangazo, kisha mpira. Fundi yupi anasomewa? Tafuta katika maelezo sentensi inayofafanua neno, kwa sababu mwombaji ana ruhusa ya kulipa neno maana yake mwenyewe, mradi aseme waziwazi. Na rudi kwenye kipengele (a): mkondo unapopokelewa tayari una segmenti. Kama mfumo wako unapokea sauti isiyo na mgawanyo wowote, na wewe ndiye unayeukata wakati wa kupakia, una hoja ya kuitumia.

"Mpaka". Je, ni mahali kati ya pakiti mbili, au ni baiti fulani ndani ya pakiti? Katika mkondo wa televisheni kuna biti moja kichwani inayosema kwamba kitu kipya kinaanza ndani ya pakiti hii. Lakini kama mzigo ni majedwali ya taarifa za vipindi, biti hiyo haitoshi: baiti ya kwanza ya mzigo hukupa idadi ya baiti za kuruka kabla ya kufika kwenye mwanzo halisi. Kichwa kinasema "mpaka umo humu". Mzigo unasema "uko hapa". Dai letu linataka kiashirio cha kichwani kionyeshe mpaka na kipokezi kitenganishe bila kusoma mzigo. Mfumo wa namna hii unaweza kuwa umetimiza la kwanza na kukosa la pili.

"Kiashirio". Ni alama iliyopo au haipo, au hata namba inayomwezesha mtu kukokotoa mpaka? Sehemu ya urefu husema "segmenti hii ina baiti 900". Haionyeshi mpaka kwa kidole, lakini hesabu ndogo tu inakufikisha. Hapa tumia dai la 2: linasema kiashirio ni biti moja. Ikiwa dai tegemezi linaongeza sharti la biti moja, basi dai la 1 linaelekea kuwa pana zaidi ya biti moja, vinginevyo dai la 2 lisingekuwa na kazi. Hoja hii ina uzito, ingawa si kanuni ya chuma. Vivyo hivyo dai la 3 linakuambia kwamba dai la 1 halidai alama ikae kwenye pakiti ya mwisho. Inaweza kukaa kwenye pakiti ya kwanza ya segmenti inayofuata.

Jambo hili la mwanzo au mwisho si dogo. Kichwa cha RTP kina biti moja ya alama. Katika video ya H.264 (namna mojawapo ya kubana video) biti hiyo huwekwa kwenye pakiti ya mwisho ya fremu. Katika sauti huwekwa kwenye pakiti ya kwanza baada ya kimya. Biti ile ile, mahali pale pale, maana mbili zinazopingana. Mtu akikuambia "mnatumia biti ya alama ya RTP, kwa hiyo mmeingia", mwulize kwanza inawekwa na kanuni gani.

Hatua ya 4: Soma jalada

Mwombaji na mkaguzi huandikiana. Mkaguzi anakataa, mwombaji anabana maneno yake ili apite. Barua hizo ni za umma: kwa Marekani zinapatikana kwenye tovuti ya ofisi ya hataza ya huko, kwa Ulaya kwenye rejista ya ofisi ya Ulaya.

Tafuta kile kilichoongezwa mwishoni. Ukikuta maneno "bila kusoma mzigo" hayakuwemo katika maombi ya awali, na yaliingizwa baada ya mkaguzi kuonyesha hati ya zamani yenye alama ndani ya mzigo, umepata dhahabu. Mwenye hataza alijinyima mwenyewe eneo hilo ili apewe hataza. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Festo ya mwaka 2002, ilisema kwamba anayebana dai lake kwa namna hiyo huchukuliwa kuwa ameacha alichokiacha, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uko kwake. Kama una siku moja tu ya kufanya kazi hii yote, lipe jalada nusu yake.

Hatua ya 5: Linganisha na bidhaa jinsi inavyofanya kazi kweli

Usilinganishe dai na nyaraka zenu. Linganisha na pakiti mlizozinasa. Programu ya redio tuliyoitaja inaweza kuwa imejengwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina jibu lake.

Tuseme mnatumia RTP na biti ya alama huwekwa kila tangazo linapoanza. Vipengele (a) hadi (c) vinaelekea kutimia, kama tabaka la pakiti ni la RTP. Kinachobaki ni (d). Fungua msimbo wa upande wa simu: kipokezi kinatenganisha kwa kutumia nini? Vipokezi vingi haviiamini biti ya alama, kwa sababu pakiti iliyoibeba ikipotea njiani mpaka unapotea nayo. Kwa H.264, kanuni rasmi za RTP zinakataza kabisa kisimbuzi kuitegemea. Inaweza kutumika kama dokezo la mapema tu. Kama programu yenu inatambua kipande kipya kwa kuona muhuri wa muda, namba ya wakati iliyo kichwani, umeruka, basi haitumii "kiashirio hicho", hata kama biti imo na kila mtu anaiona kwenye Wireshark. Sharti halikutimia kwa maana ya maneno yake. Mpinzani atasema muhuri wa muda nao ni kiashirio kilichowekwa kichwani. Jibu ni kwamba muhuri huo uko katika kila pakiti na haubadiliki kwa ajili ya mpaka. Lakini nisiseme hoja hiyo ni nyepesi kwa upande wenu, maana kuruka kwake ndiko mnakokutegemea.

Kama mnatumia sehemu ya urefu kichwani, ningeihesabu kuwa hatari hadi nisome maelezo. Maelezo yakitaja kielekezi au idadi ya baiti kama mfano mmojawapo, mmekwisha. Yakitaja bendera tu, yaani alama ya ndiyo au hapana, kutoka mwanzo hadi mwisho, mna nafasi, lakini kumbuka kwamba mahakama hazipendi kulibana dai kwa sababu tu mfano uliotolewa ni mmoja.

Kama alama iko ndani ya mzigo, mfano baiti 0x7E kwa mtindo wa HDLC (itifaki ya zamani ya kuunganisha mashine), mko mahali pazuri. Katika HDLC bendera ni 01111110, na mtumaji huingiza sifuri baada ya moja tano zinazofuatana ili data isijifanye bendera. Mpokeaji hana budi kupitia data yenyewe biti kwa biti. Sharti la kichwa halipo, na sharti la kutosoma mzigo limevunjwa waziwazi. Mwenye hataza atakimbilia fundisho la ulinganifu, kwamba kazi ni ile ile kwa njia ile ile kwa matokeo yale yale. Nchini Marekani ulinganifu huo hupimwa sharti kwa sharti, kama ilivyoamuliwa katika Warner-Jenkinson mwaka 1997, na ni vigumu kumweleza jaji kwamba kusoma mzigo ni sawasawa na kutousoma. Uingereza nayo ilipanua ulinganifu mwaka 2017 katika kesi ya Actavis dhidi ya Eli Lilly, kwa hiyo msiitupe hoja hiyo kapuni kama mna wateja huko.

Na kama mipaka iko katika orodha tofauti, kama vile mstari wa kukatisha mkondo kwenye faili la orodha la HLS (njia ya kurusha sauti na video kwa mafaili madogo), hakuna alama katika kichwa cha pakiti yoyote ya sauti. Hapa sioni sababu ya kukaa sana.

Kuhusu maneno "bila kusoma mzigo": kila kipokezi husoma mzigo hatimaye, la sivyo msikilizaji asingesikia kitu. Usijitetee kwa hoja hiyo. Dai linasema kutenganisha ndiko kunakofanyika bila kusoma, siyo kucheza sauti, na hoja ya kitoto huchafua zile nzuri ulizonazo.

Hatua ya 6: Lipime dai dhidi ya yale ya zamani

Dai lina upana mmoja tu. Upana unaokukamata wewe leo ndio huo huo unaopimwa dhidi ya teknolojia iliyotangulia. Kama mwenye hataza anasema "segmenti" ni kundi lolote la data, mpeleke kwenye IP yenyewe, ambayo kanuni zake zilichapishwa Septemba 1981. Datagramu kubwa hukatwa vipande. Kichwa cha kila kipande kina biti inayosema kuna vipande zaidi, isipokuwa cha mwisho. Mpokeaji huunganisha kwa kusoma vichwa peke yake.

Kuna mfano unaouma zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitandao ya ATM (teknolojia ya mawasiliano, siyo mashine ya fedha) ilisafirisha seli, yaani pakiti ndogo, za baiti 53, 5 za kichwa na 48 za mzigo. Katika AAL5, tabaka la ATM linalokata ujumbe kuwa seli, biti moja kichwani ilionyesha seli ya mwisho ya ujumbe. Soma tena dai la 2 na la 3 ukiwa na hilo akilini. Biti moja, kichwani, katika pakiti ya mwisho. Ikiwa seli ni pakiti na ujumbe ni segmenti, madai yote matatu yako mashakani.

Mwenye hataza atajibu kwa kubana: segmenti ni kipande cha maudhui kama habari au tangazo. Anaokoa hataza, lakini angalia, sasa amesogea karibu zaidi na programu yenu ya redio. Kwa hiyo usirushe hoja ya ATM kabla ya kupima ni maana ipi inakufaa wewe. Kama njia yenu ya kuponea ni "kiashirio hicho" katika (d), ugomvi wa segmenti haukuhusu sana, na unaweza kumwachia.

Hatua ya 7: Nani anafanya kila hatua, na akiwa wapi?

Dai la mbinu huvunjwa na anayezifanya hatua. Katika mfano wetu seva inafanya (a) hadi (c) na kupeleka. Kutenganisha hufanywa na simu ya msikilizaji. Mzozo wa Akamai dhidi ya Limelight ulizunguka mahakamani Marekani kwa miaka kuhusu jambo la aina hii, wateja wakifanya sehemu ya hatua, na mwaka 2015 mwenye hataza akafaulu, kwa kuwa kampuni ilikuwa inaelekeza na kuwawekea wateja masharti. Programu yenu inapofanya kazi yenyewe ndani ya simu, msitegemee sana utetezi wa "ni mtumiaji aliyefanya".

Mahali pana uzito zaidi. Kama seva iko Kampala na wasikilizaji wako Marekani, hatua (a) hadi (c) zinafanyika hapa. Katika kesi ya NTP dhidi ya Research in Motion, mwaka 2005, iliamuliwa kwamba dai la mbinu linahitaji kila hatua ifanyike ndani ya Marekani. Dai la mfumo au la kifaa ni habari nyingine, hivyo tazama kama hataza hiyo hiyo ina dai huru la "kipokezi chenye...". Likiwepo, anza upya hatua ya 2 kwa dai hilo.

Cha kupeleka kwa wakili

Mpelekee jedwali: safu ya kwanza maneno ya dai jinsi yalivyo, ya pili maana mnayoitetea na ukurasa wa hataza au jalada unaoiunga mkono, ya tatu kinachoonekana katika pakiti zenu. Ambatanisha faili la pakiti mlizonasa, toleo la programu, na tarehe ambayo kila toleo lilianza kutumika. Msibadilishe msimbo kimyakimya kabla ya kuhifadhi nakala ya ulivyokuwa.

Mjadala wa ndani msiufanye kwenye kundi la WhatsApp. Kijana mmoja akiandika "kwa kweli tumeiga", hata kwa utani, sentensi hiyo inaweza kuombwa na mahakama ya ng'ambo na kusomwa bila ile emoji ya kucheka. Barua yenyewe ijibiwe kwa ufupi: mmeipokea, mnaichunguza, na mnaomba mwenye hataza ataje dai gani hasa analolitegemea na ni sehemu ipi ya bidhaa yenu anayoiita kiashirio.